Uzee wa machinga unaliwa angali kijana

KILA kijana anayekwenda Karume kusaka mtumba, au anayekatiza Mchikichini kuelekea Kariakoo, analijua jengo la Machinga Complex. Wasichokijua wengi ni kwamba jengo hilo lilisimamishwa kwa fedha za uzee wa watu wengine.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ililijenga kwa mkopo wa zaidi ya shilingi bilioni 10 kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Fedha za NSSF hazitoki mfukoni mwa waziri. Ni michango ya dereva, mlinzi, mpishi wa hoteli na fundi wa kiwandani, asilimia 20 ya mshahara, wakichangiana na waajiri wao. Wakubwa walikaa wakapanga. Hawakujali kama mteja wa shati la mtumba atapanda ghorofa kulifuata. Matokeo yake, kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, wamachinga wakabaki barabarani wakikimbizana na mgambo, na deni likapanda kwa riba hadi likavuka shilingi bilioni 30.

Hatuyasemi haya ili vijana waache kuweka akiba. La hasha! Tunayasema kwa sababu kijana wa Mchikichini ukimtajia pensheni anacheka. Anakuuliza: nitastaafu kazi gani nami sijaajiriwa na mtu? Swali lake ni la haki, lakini jibu lake linauma. Asiye na mwajiri naye anazeeka. Mgongo unaobeba belo la mitumba alfajiri una siku yake ya kukataa, na siku hiyo hakuna ofisi itakayomwita mlalahoi kumpa bahasha.

Leo akiba ya kijana huyo iko wapi? Iko kwenye mzigo wake. Januari 16, 2022, Soko la Karume liliteketea kwa moto, vibanda kwa mamia vikageuka majivu. Miezi sita kabla, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo nalo liliungua. Aliyekuwa ameweka kila shilingi yake kwenye nguo na viatu alirudi alikoanzia, akiwa na madeni juu.

Kwa hiyo la kwanza tunalowaambia vijana ni hili: mtaji si akiba. Vitenganisheni. Anayetenga shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka ana shilingi 312,000. Kwa miaka 35 ni shilingi 10,920,000, kabla ya faida yoyote.

Lakini fedha hiyo usiifiche kwenye godoro. Wazee wetu wa miaka ya 1980 waliona bei zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na waliokuwa wamejiwekea vijisenti wakaviona vikiyeyuka mikononi. Upatu na vikoba vinafaa kwa ada ya mtoto na kwa msiba, lakini uzee unataka kitu kinachozaa. Vipo vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005. Zipo hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja. Ipo NSSF yenyewe, ambayo inawapokea waliojiajiri. Ila kumbukeni, pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa na miaka 50 atafika 60 hajaitimiza.

Sasa tunaigeukia Serikali ya CCM. Mnawahimiza walalahoi wachangie. Je, mnataka waamini nini, wakati waliochangia kabla yao wamechezewa kama mpira?

Mtumishi wa umma aliyeajiriwa akijua kwamba akistaafu atapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, mwaka 2018 aliambiwa atapata robo. Kelele zilipozidi, Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisimamisha kikokotoo hicho. Julai 2022 kikaja kingine cha asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40. Huyo ana barua ya ajira na chama cha wafanyakazi, na bado sheria ilibadilishwa akiwa karibu na mlango wa kutokea. Muuza soksi asiye na chama wala barua atasalimika vipi?

Tunadai mambo matatu. Kwanza, mchango uliokwisha kutolewa uhesabiwe kwa kanuni iliyokuwapo siku ulipotolewa. Anayetaka kanuni mpya aianzishe kwa wanachama wapya. Pili, kila mradi unaojengwa kwa fedha za mifuko utangazwe kwa Kiswahili na kubandikwa hadharani: umegharimu kiasi gani, nani amekopa, na umerudisha shilingi ngapi. Wamachinga wanaochangia wawe na mtu wao ndani ya bodi, aliyechaguliwa nao, si aliyeteuliwa kwa simu. Tatu, masoko yanayokusanya ushuru kila siku yawe na maji ya kuzimia moto na bima ya mali za wafanyabiashara. Huwezi kumhimiza mtu aweke akiba huku ukimwacha alale juu ya kiberiti.

Nanyi vijana, msisubiri haya yatimizwe ndipo muanze. Tengeni leo, na risiti mzitunze. Kila mwaka nendeni kwenye dirisha la mfuko mkaulize fedha zenu zimefanya kazi gani, tena nendeni wengi. Anayechangia bila kudai hesabu anawalisha wakubwa, na anayedai hesabu hali hajachangia hana la kudai.