BETRI IZIMAYO KILA ASUBUHI: TUTAFUTE CHANZO KABLA YA KUTOA FEDHA

Katika mitaa yetu ya Temeke, Mbagala, Kinondoni na Mwananyamala, gari si pambo. Kwa nyumba nyingi ndilo jembe. Kwa pato lake hulipwa ada za watoto na kodi ya nyumba. Basi likikataa kuwaka alfajiri, nyumba nzima husimama. Na tulionalo mara nyingi ni hili: mwenye gari hukimbilia Kariakoo kununua betri mpya, na baada ya wiki mbili hiyo mpya nayo imezima. Hapo lawama huanza: dereva kaibadilisha betri, fundi katudanganya. Walakini huenda wote wawili hawana kosa. Betri ni mfano wa mtungi, na mtungi ukikutwa mtupu yatupasa kuuliza mambo matatu: Je, haujazwi? Je, yuko anywaye usiku? Au umepasuka wenyewe?

Kwanza macho yatumike. Zima injini, utazame vichwa viwili vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au waya ukicheza, huenda maradhi ni hayo tu. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa maji ya moto na brashi, kausha, ukaze, na wa hasi uwe wa mwisho kurudishwa. Betri ikiwa ya vizibo, maji yafunike sahani za risasi. Yakipungua ongeza maji safi ya betri, si ya kisima wala si tindikali. Sigara na kiberiti viwe mbali, kwani betri hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka.

Kisha ije mita ya umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 imekwisha. Washa injini, hata kwa msaada wa betri nyingine, upime tena. Ukisoma baina ya 13.8 na 14.5, oltaneta yaujaza mtungi. Ikibaki 12 na kushuka, tazama mkanda, waya na oltaneta yenyewe; betri mpya haitaponya ugonjwa huo. Tena gari litambaalo katika foleni ya Barabara ya Kilwa, taa na feni na redio zikiwaka, laweza kutumia umeme mwingi kuliko liupatao.

Oltaneta ikiwa nzima, mtafute mwizi wa usiku. Toa ufunguo, funga milango, fungua waya wa hasi, uunganishe mita ya ampea baina ya waya huo na kichwa cha betri. Ngoja nusu saa, na wala usijaribu kuwasha gari. Ampea 0.05 au pungufu ni kawaida. Ikiwa ni 0.5, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 itapoteza zaidi ya nusu kwa siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo mita itashuka ikitolewa ndiyo njia ya mwizi. Mara nyingi ni redio au king'ora kilichofungwa vibaya, au taa ya buti isiyozimika.

Hayo yote yakiwa salama, basi mtungi umepasuka. Ijaze betri kabisa, uiache usiku kucha bila waya. Ikishuka sana, yenyewe ndiyo mbovu. Joto la pwani yetu hupunguza umri wa betri, kwani kutu ya sahani zake huenda mbio zaidi kila joto lizidipo.

Na betri iliyokufa isivunjwe uani ili kuuza risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi na watoto wao kwa sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo baada ya kutenguliwa katika rufani. Fedha haiondoi sumu iliyokwisha kuingia katika mwili wa mtoto. Irudisheni kwa muuzaji ikiwa nzima.

Enyi vijana, jifunzeni kupima. Mita ndogo ni rahisi kuliko betri, na namba mbili zilizoandikwa karatasini asubuhi huokoa fedha ya baba, na huokoa pia heshima ya dereva ambaye angeitwa mwizi bure.