Usikipake Rangi Kile Kibati

Leo tuache programu kidogo, tufungue boneti.

Mjomba wangu wa Buruburu ana Corolla KE70 ya mapema miaka ya 80. Mwaka jana difu yake ilikufa. Akanunua ya mtumba, iliyotolewa kwenye KE70 nyingine. Ikaingia bila shida. Lakini kufika Jogoo Road, injini inalia kama inapanda mlima, na mshale wa spidi unadanganya. Difu ilikuwa ya uwiano mwingine. Pesa ikawa imekwenda.

Jibu lilikuwa ndani ya gari miaka hiyo yote. Ukutani nyuma ya injini kuna kibati cha kiwanda: modeli, injini, namba ya fremu, rangi, gia na ekseli. Ni kama safu moja ya hifadhidata. KE70 yenyewe inasomeka: K ni familia ya injini, E ni Corolla, 70 ni toleo. AE86 nayo ina injini ya A. Rangi pia ni namba. Kwenye Toyota nyingi, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Msimbo wa ekseli ndio unaotaja difu.

Cha mjomba kilikuwa kimepuliziwa rangi pamoja na gari! Tulikisugua kwa thina Jumamosi nzima. Safari ya pili tulilinganisha vibati viwili kabla ya kutoa hata shilingi, na sasa gari limetulia.

Mafundi wa Kariobangi hunicheka, eti mkono wao unatosha. Nawaheshimu, lakini difu ikiwa imefungwa, jicho halihesabu meno.

Sisi waandishi wa programu pia tuna makosa. Fomu yangu ya kwanza ya magari ilidai namba ya chesisi yenye herufi 17, utaratibu ambao Marekani iliufanya lazima mwaka 1981. Magari ya soko la Japani hutumia namba fupi, kwa hiyo fomu ikayakataa. Kosa lilikuwa langu, si la magari.

Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. KE70 zilizobaki mitaani ndizo hizi hizi, na kila spea isiyofaa inazisogeza karibu na chuma chakavu.

Kabla ya kupaka gari rangi, funika kibati kwa gundi ya karatasi na ukipige picha. Dakika moja tu.

Kibati chako kinasemaje?