Mshairi wa Lindi hahitaji meza kuu

Bumu limetoka, watu wamechangamka, kwa hiyo ngoja nilitoe hili la moyoni kabla pesa haijayeyuka.

Mnajua sisi watu wa Kiswahili tumechangishana ili tuandae onyesho la mtu mmoja la kumuenzi mshairi wa zamani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji. Mpaka hapo safi kabisa. Ugomvi umeanzia kwenye "wapi". Wengi wanataka ukumbini hapahapa chuoni: spika kubwa, projekta, mgeni rasmi, meza kuu yenye maji ya chupa. Mimi nasema Kitomanga, uwanja wa shule, jioni, bila kiingilio. Pesa inatosha sehemu moja tu, na kura ni Jumamosi.

Tuanze na huo ukumbi. Nani kati yetu hajahudhuria shughuli za "kumuenzi" mtu? Mgeni rasmi anachelewa saa nzima, akifika anahutubia dakika 40 kuhusu umuhimu wa utamaduni. Mshairi mwenyewe anapewa dakika 10 za mwisho, watu macho yote kwenye soda. Jamani, hapo mshairi ameenziwa au amegeuzwa kisingizio?

Sasa njoo kwenye shairi lenyewe. Vita vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Kilwa, na kabla Agosti haijaisha misheni za Nyangao na Lukuledi, bara ya Lindi, zilikuwa zimeshashambuliwa. Abdul Karim akavitungia utenzi, nao ukachapishwa mwaka 1957, mhariri W. H. Whiteley. Leo ukiutaka utaupata wapi? Maktaba ya chuo, tena uulize vizuri. Watafiti wanausoma, wanaandika makala, wanapanda vyeo. Wenye ardhi iliyopiganiwa hawajausikia.

Nilipokuwa Kitomanga kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu waliijua Maji Maji kwa ajili ya mtihani wa historia. Waliujua na utenzi kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili: ubeti una mishororo 4, kila mshororo mizani 8, basi. Kwamba hivyo viwili vimewahi kukutana kwenye kalamu ya mtu wa Lindi, hakuna aliyewaambia. Niliuliza nani amewahi kusikia utenzi ukighanwa. Kimya. Darasa zima linahesabu mizani ya kitu ambacho masikio yao hayajawahi kukionja! Halafu matokeo yakitoka tunasema watoto wa kusini hawapendi kusoma.

Najua mtakachosema. "Watu wa kijijini hawatakielewa Kiswahili cha zamani." Hebu tuheshimiane. Kule pwani kuna wazee wanaojua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wewe mwanachuo bila madesa huvuki ubeti wa tatu. Nani hasa hataelewa? Na neno likiwa gumu, mghani anasimama, anafafanua, anaendelea. Hiyo ndiyo kazi yake.

"Mtu mmoja jukwaani atachosha." Utenzi tangu lini ukahitaji watu ishirini? Sauti moja, wasikilizaji wamezunguka, ndivyo tenzi zilivyoishi. Wanaodhani onyesho la mtu mmoja tumeletewa na Wazungu wamsome Ebrahim Hussein, yuleyule wa Kinjeketile ya 1969. Mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo mtambaji mmoja anabeba hadithi yote. Hasemi lete mapazia, hasemi lete projekta. Mtu na hadhira, kazi inaanza. Kwa bajeti yetu ya kuungaunga, hii sanaa imetukubali yenyewe.

Ila kuna hoja moja ina uzito, nayo aliitoa dada mmoja wa mwaka wa pili: Abdul Karim hakuwa mpiganaji, alikuwa mtu wa mjini pwani, na macho ya mjini siyo macho ya Mmwera au Mmatumbi aliyekuwa porini na mkuki. Sawa kabisa. Ndiyo maana nang'ang'ania Kitomanga! Ukumbini tutapiga makofi na kwenda kula chipsi. Kule, utenzi ukiisha, babu mmoja anaweza kusimama akasema, "Mwanangu, sisi marehemu mzee wetu alitusimulia vingine." Hapo ndipo shairi linapoanza kuishi, likibishiwa na wenye habari zao. Kumuenzi mshairi ni kumrudisha kwenye mazungumzo. Kumpigia magoti siyo lazima.

Sharti langu ni moja. Mghani wetu aje amehifadhi beti zake kichwani. Asije kusomea kwenye simu, na asitupotezee muda na wasifu wa nusu saa. Aghani, aeleze, asikilize. Akitaka kanzu avae, asipotaka aache, kanzu haimfanyi mtu mghani.

Sisi tunasomea ualimu, wadau. Kesho kutwa tutapangiwa shule kama ile, na tutalaumu kwamba wanafunzi hawana hamu na ushairi. Hamu wataitoa wapi kama ushairi wa kwao tunaufungia ukumbini ili tupigane picha na mgeni rasmi?

Kura yangu mnaijua. Jumamosi msije kulala mkategemea kusimuliwa. Wa ukumbini nao waje na hoja, siyo kelele. Naomba kutoa hoja.