Jicho la mkulima si la kubahatisha

Jamani, tusemeni ukweli. Jani la mahindi likikukwaruza jicho shambani, fangasi wanaweza kuingia. Ukifika zahanati unapewa matone ya antibiotiki, eti yatatosha. Hayatoshi! Antibiotiki huua bakteria, fangasi haiwagusi. Na yale matone ya steroidi watu wanayojinunulia dukani bila kupimwa, ndiyo yanazidi kuliharibu jicho. Dawa ipo: natamaisini ya asilimia 5. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Muhimu kwa nani, kama sisi tunaoshika jembe hatuipati? Tunadai mambo mawili tu: jicho lipimwe kwanza, na dawa hiyo iwepo kambini. Jicho likishapofuka, hakuna wa kutuazima lake.