Gesi ya Afungi yarejea, dereva bado yuko nje ya uzio

Mradi wa gesi wa Dola bilioni 20 za Marekani unaoongozwa na TotalEnergies huko Afungi, kaskazini mwa Cabo Delgado, umefufuka. Novemba 2025 kampuni hiyo iliondoa tamko lililosimamisha kazi tangu Aprili 2021. Kwa wafanyabiashara wa Mtwara hiyo ni habari ya saruji, mchele na mizigo ya kambini. Lakini kabla ya kupokea oda ipo hesabu nyingine: mtu akidhurika katika kazi hii, anahesabiwa kuwa wa nani?

Baharini jibu ni jepesi. Mtambo unaoelea wa Coral Sul wa kampuni ya Eni, uliopakia shehena ya kwanza Novemba 2022, uko kwenye kina cha mita 2,000 hivi. Hatari zake ni moto, gesi kuvuja, kuanguka kutoka juu, na sekta hii huzifanyia mazoezi.

Nchi kavu ndiko mambo yalikoharibika. Machi 24, 2021, siku ileile Total ilipotangaza kurejea kazini, waasi waliuvamia mji wa Palma. Serikali ilikuwa imeahidi eneo la usalama la kilomita 25 kuzunguka Afungi, na Palma imo ndani ya kilomita hizo. Watu wa wakandarasi na watoa huduma walijifungia katika hoteli ya Amarula. Siku mbili baadaye msafara wa magari 17 ulitoka. Yaliyopenya ni saba.

Oktoba 2023 manusura na ndugu wa marehemu waliishtaki Total nchini Ufaransa kwa kuua bila kukusudia na kutowasaidia waliokuwa hatarini. Machi 2025 uchunguzi wa kimahakama ukafunguliwa. Kampuni inakana.

Sheria ya Msumbiji humtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima ya ajali kazini. Dereva wa Mtwara anayemshushia mzigo mkandarasi wa mkandarasi hana mwajiri kule, na bima nyingi za magari hazigusi vita wala ugaidi.

Kifungu cha kudai kwenye oda ni kifupi: mji ukishambuliwa, nani anamwondoa dereva, kwa chombo gani, kwa gharama ya nani. Mnunuzi asiyetaka kukiandika akabidhiwe mzigo Kilambo, upande wa Tanzania, avuke nao Ruvuma mwenyewe.