Mchezaji Hodari Akishitakiwa, Nani Amhukumu?

Siku ya michezo ya mwaka jana nalikuja kuitazama shule yangu ya zamani, nikaketi chini ya mwembe pamoja na vijana wa kidato cha nne. Walikuwa wakibishana juu ya wachezaji wa vyuo vikuu vya Marekani wanaoshitakiwa kwa makosa mazito, hasa ya kuwadhulumu wanawake. Mmoja alisema, "Mchezaji akishitakiwa tu, na afukuzwe siku ile ile." Mwenziwe akajibu, "La, mwacheni acheze. Mengine yatatazamwe mashindano yakiisha." Kisha wakanigeukia, "Mzee, wewe wasemaje?" Siku ile sikuwajibu vema. Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nami nitajaribu kuwajibu sasa.

Jambo lenyewe si la mbali kama linavyoonekana. Tangu zamani vijana wa Afrika ya Mashariki wamepata nafasi ya kusoma Marekani kwa nguvu za miguu yao. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978, alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Labda miongoni mwenu yuko atakayepita njia hiyo. Yafaa aijue nyumba anayoingia.

Kule mchezo wa chuo si mazoezi ya jioni tu baada ya masomo. Ni fahari ya mji, tena ni mali. Chukueni mfano wa Baylor, chuo cha Kibatisti kilichoko Waco katika jimbo la Texas. Timu yake ya mpira wa Kimarekani, iliyokuwa dhaifu kwa miaka mingi, ilitwaa ubingwa wa ligi yake mwaka 2013, na mwaka 2014 ikaushiriki tena pamoja na chuo kingine. Mwaka huo huo wa 2014 chuo kilifungua uwanja mpya uliogharimu dola zipatazo milioni 266. Watu walishangilia. Lakini mwaka ule ule mchezaji wa zamani wa timu hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kunajisi, na mwaka 2015 mwingine naye alionekana na hatia ya kosa la namna hiyo. Watu wakaanza kuuliza: Wakuu wa chuo walijua nini, na walijua lini?

Baraza la chuo likaajiri mawakili kutoka nje wachunguze. Mwezi wa Mei 2016 muhtasari wa uchunguzi ulitangazwa. Ilionekana kwamba wakubwa wa timu walikuwa wakiyapokea malalamiko wao wenyewe, na mara nyingine wakazungumza na mlalamikaji wala wasiyapeleke kunakostahili. Timu ilikuwa na utaratibu wake wa adhabu, mbali na ule wa wanafunzi wengine. Wala ubaya haukuwa kwa timu peke yake, maana maofisa wa chuo nao waliwavunja moyo baadhi ya wanawake waliotaka kushitaki. Kocha Art Briles aliondolewa. Mkuu wa chuo, Kenneth Starr, alivuliwa ukuu. Huyu Bwana Starr ndiye yule aliyemchunguza Rais Clinton katika miaka ya 1990. Mtu aweza kuwa hodari wa kuchungua nyumba ya mwenziwe, na ya kwake imejaa moshi.

Na chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilifanya nini? Mwezi wa Agosti 2021 kamati yake iliamua, tena kwa kusitasita sana, kwamba haiwezi kukiadhibu chuo kwa kutopeleka malalamiko yale, kwa kuwa uzembe huo ulikuwa wa chuo kizima, si upendeleo kwa wachezaji peke yao, na sheria za chama hazikuugusa. Nilipoisoma habari hiyo niliirudia mara mbili. Chama kilichoandika kanuni nyingi juu ya zawadi ambazo mchezaji hapaswi kupokea hakikuwa na kanuni ya kumfaa msichana aliyedhulumiwa.

Hapo kijana wangu wa kwanza atasema, "Waona Mzee? Wafukuzwe siku ile ile!" Ngoja kwanza, mwanangu. Tazama habari ya Duke, chuo kikuu cha mji wa Durham, North Carolina. Mwezi wa Machi 2006 wachezaji wa lakrosi, mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, walifanya karamu, wakaajiri wanawake wawili kuja kucheza ngoma. Mmoja wa wanawake hao, mtu mweusi, alisema kwamba wachezaji weupe walimnajisi. Nchi nzima iliwaka moto. Kabla ya shauri kusikilizwa kocha alilazimika kujiuzulu, na michezo yote ya timu iliyobaki mwaka ule ikafutwa. Walimu 88 walitia sahihi tangazo katika gazeti la wanafunzi, na watu wengi walilisoma kama hukumu. Vijana watatu walishitakiwa.

Mwezi wa Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliyafuta mashtaka yote, akasema waziwazi kwamba vijana wale hawana hatia. Mwendesha mashtaka aliyewashitaki alionekana ameficha matokeo ya vipimo yaliyowafaa washitakiwa, akanyang'anywa ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 2024 mwanamke yule alikiri mwenyewe kwamba alisema uongo. Miaka 18 ilikuwa imepita.

Kuna watu wanaoshika habari ya Duke peke yake, wakasema wanawake ni waongo. Wengine hushika ya Baylor peke yake, wakasema wachezaji ni wahuni. Mimi naona wote wamekosa. Mashauri haya mawili yana ugonjwa mmoja: watu waliangalia sauti ya umati kabla ya kuangalia ukweli. Huko Baylor umati ulikuwa ukishangilia ushindi, kwa hiyo malalamiko yalizimwa. Huko Duke ulikuwa ukipiga kelele za hasira, kwa hiyo adhabu ilitangulia ushahidi. Wazee husema, kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Kocha anayetaka ushindi Jumamosi hafai kupokea shitaka la mshambuliaji wake. Na mkuu wa chuo anayeogopa magazeti naye hafai kuamua peke yake.

Nasema hivi si kwa kuwa nimesoma tu. Miaka mingi iliyopita nalikuwa mwalimu wa michezo katika shule nyingine, ambayo sitaitaja. Katika wiki ya nusu fainali ya kombe, kijana wa kidato cha kwanza alinijia, sikio limevimba. Alisema golikipa wetu amempiga bwenini kwa sababu hakumfulia nguo. Nikamwita golikipa. Nikawauliza wote wawili pamoja, wamesimama bega kwa bega, filimbi mkononi mwangu na timu ikinisubiri uwanjani. Golikipa akakana. Yule mdogo akatazama chini, akasema, "Nilianguka, Mwalimu."

Nawakirieni, ndugu zangu, nilifurahi. Jumamosi tulishinda mabao mawili kwa moja. Muhula uliofuata kijana yule hakurudi shuleni, wala hakuna aliyeuliza kwa nini, hata mimi.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli mara ya kwanza au mara ya pili. Na huko kutojua ndiko aibu yangu, kwa kuwa ningeweza kujua. Bwenini walilala vijana wengi, na sikumwuliza hata mmoja. Wala sikumdhulumu yule mdogo peke yake. Golikipa naye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na wenziwe wa zamani wakikutana bado humtania kwa habari ile. Kama hakutenda, mimi ndimi niliyemnyima nafasi ya kusafishwa jina.

Basi haya ndiyo maoni yangu, kwa vyuo vya Marekani na kwa shule yetu pia. Kwanza, mwalimu wa michezo akiletewa shitaka juu ya mchezaji wake, alipeleke siku ile ile kwa mtu asiye na faida katika mchezo, wala asifanye uchunguzi wake mwenyewe. Na kosa likiwa la jinai, polisi waitwe. Chuo si mahakama, na adhabu ya chuo isiwe pazia la kuificha mahakama.

Pili, kila mmoja asikilizwe peke yake, maneno yake yaandikwe, na mashahidi watafutwe. Mshitakiwa naye aambiwe wazi anashitakiwa nini, apate kujibu.

Tatu, wakati uchunguzi unaendelea, mchezaji aweza kuhamishwa bweni au kukaa nje ya mechi, lakini isemwe waziwazi kwamba hiyo si hukumu. Mtasema timu itaumia bure kama shitaka ni la uongo. Ndiyo, itaumia. Lakini kombe hurudi kila mwaka, na mtoto aliyeacha shule kwa woga hawi na hakika ya kurudi.

Nne, mwisho wa shauri uelezwe kwa wote wawili. Akionekana ana hatia, aadhibiwe kama angeadhibiwa kijana asiyejua hata kupiga mpira. Akionekana hana, jambo hilo litangazwe kwa sauti ile ile iliyotangaza shitaka, isiwe ya kunong'ona.

Kwa hiyo ninyi wawili mliobishana chini ya mwembe, jibu langu ni hili: asifukuzwe siku ile ile, wala shauri lisingojee mashindano yaishe. Lianze kusikilizwa siku ile ile, na alisikilize mtu ambaye Jumamosi hana timu uwanjani. Na wewe unayevaa jezi ya shule, mdogo wako akikujia amevimba sikio, usimwulize mbele ya aliyempiga. Mimi nilifanya hivyo.

Mwanafunzi wa Zamani