Mpeni Mpira Naye Ajaribu

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii tunaiandika sana katika insha zetu, tena kwa mwandiko mzuri, lakini kengele ya michezo inapolia tunaiacha darasani pamoja na vitabu. Mpenzi msomaji, hebu nikusimulie habari za Bhagwat Chandrasekhar wa India, kisha uniambie kama nasema uongo.

Chandrasekhar alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Mysore, kusini mwa India. Akiwa mtoto wa miaka sita hivi, alipatwa na ugonjwa wa polio. Mkono wake wa kulia ukadhoofika, ukakonda kama ufito. Mtoto kama huyo kwetu angeambiwa akae kivulini awatazame wenzake. Yeye alijitoma uwanjani. Alipouokota mpira aliurudisha kwa mkono wa kushoto, lakini zamu yake ya kumrushia mpigaji ilipofika, alitumia mkono uleule wa kulia uliokonda!

Kriketi si mchezo mgeni kwetu. Kenya iliwahi kuishinda West Indies mjini Pune, hukohuko India, katika Kombe la Dunia la mwaka 1996. Kwa asiyeujua, kazi ya mrushaji ni kumtoa mpigaji, na kila anayemtoa anahesabiwa wiketi moja. Warushaji wa mipira ya kuzunguka kwa kawaida huenda polepole. Chandra aliurusha kwa kasi, kifundo cha mkono kikifyatuka kama mjeledi, na mpigaji akabaki kubahatisha mpira utageukia wapi.

Januari 1964, akiwa na umri wa miaka 18, aliichezea timu ya taifa mara ya kwanza dhidi ya Uingereza mjini Bombay. Na nahodha wake alikuwa nani? Mansoor Ali Khan Pataudi, ambaye jicho lake la kulia liliharibika katika ajali ya gari mwaka 1961! Naam, mwenye jicho moja akamwamini mwenye mkono wa polio.

Baadaye mambo yalimwendea mrama. Alirudi kutoka ziara ya Australia ya 1967/68 akiwa ameumia, kisha akapata ajali ya skuta. Zaidi ya miaka mitatu ikapita bila kuitwa timu ya taifa. Alipiga moyo konde. Agosti 1971, katika uwanja wa Oval jijini London, aliwatoa Waingereza sita kwa mikimbio 38 tu, timu yao nzima ikaanguka kwa 101. India ikashinda mechi katika ardhi ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Katika ziara ya Australia ya 1977/78 alichukua wiketi 12 katika mechi moja mjini Melbourne, na India ikapata ushindi wake wa kwanza nchini humo.

Kwa jumla alicheza mechi kubwa 58 na kupata wiketi 242. Je, kupiga? Lo! Mikimbio 167 tu, pungufu ya wiketi zake. Lakini timu haikumdai asichokuwa nacho. Ilimdai alichokuwa nacho.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa kapteni wa timu ya darasa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye mguu wake ulikuwa na hitilafu. Kila jioni nilimwambia, "Wewe chunga sweta zetu, bwana." Alizichunga miaka miwili, hata moja haikupotea. Siku moja mpira ulitoka nje, akaudaka kwa mikono miwili na kuurudisha hadi katikati ya uwanja. Tulicheka, tukaendelea kucheza. Tena tulikuwa tukihangaika kutafuta golikipa! Hakuna aliyemuuliza kama angependa kujaribu, hata mimi kapteni.

Najua wengine watasema, "Chandra ni mmoja, si kila mtu ana kipaji kama chake." Ni kweli. Lakini tutajuaje kipaji cha mtu ambaye kazi yake tangu darasa la kwanza ni kuchunga sweta? Tunapenda kuwasifu walemavu waliofaulu, eti penye nia pana njia. Nia Chandra alikuwa nayo. Njia ilifunguliwa na manahodha waliompa mpira, wakamngoja siku alizokosea, wakampa tena.

Kwa maoni yangu, kila kapteni wa timu humu shuleni, kabla ya kutaja majina yake yaleyale, aangalie nani amekaa kando ya uwanja, amwendee amuulize, "Wewe unaweza nini?" Akisema hapendi michezo, ni sawa. Lakini aulizwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sweta zetu tutazichunga wenyewe.